Samaki wa Majirani

Juzi nilikuwa jikoni kwa jirani yangu hapa Palma, nikisubiri aniazime kinu. Amempangisha chumba karani wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Maputo, binti asiyekula nyama, samaki wala mayai. Anasema huko kwao vijana wengi wameingia katika ulaji huo.

Jirani akapakua wali na matapa, yale majani ya muhogo ya nazi na karanga, kisha akaweka juu yake changu mzima wa kukaanga.

"Mama, nilishakuambia sili samaki," binti akasema.

"Najua. Huyu si wako, ni wa majirani. Pita naye hapo barazani walipo, ukifika chumbani mtoe. Wakiona majani matupu watasema nakula kodi yako na kukushindisha njaa."

Binti akamnyanyua changu kwa vidole viwili, akamrudisha kikaangoni. Akaenda kukaa barazani, mbele ya wanawake waliokuwa wakisukana nywele, akala.

"Mwanangu, hukupewa kitoweo?" mmoja akauliza, huku akimtupia jicho mwenye nyumba aliyesimama mlangoni.

"Nimeomba hivi mwenyewe," akajibu, akainua sahani tupu. "Mama, niongeze."

Jirani yangu akatoka na sufuria nzima, kichwa juu.

Tangu gesi igunduliwe baharini kwetu, samaki wetu wanaishia kwenye kambi za wafanyakazi, na wengi wetu tunakula matapa bila kitoweo siku nenda siku rudi. Yule binti, anayekula hivyo kwa hiari, ndiye wa kwanza kuonewa huruma.