Funga Sanduku Lako

Mume wangu aliniambia nifunge sanduku langu siku ya Ijumaa jioni, nikiwa nyuma ya nyumba nachambua mchicha. "Kesho asubuhi tunakwenda Nshamba," alisema. "Funga sanduku lako." Nshamba ni kwetu, kwa wazazi wangu. Aliingia ndani akipiga mluzi, na mimi nikabaki na mchicha mkononi nisijue niuchambue au niutupe.

Aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo, lakini najua siku hizi wapo wasiojua. Enzi hizo za Waingereza, mke wa Kihaya akienda kuwasalimia wazazi wake alibeba kikapu. Humo mlikuwa na chumvi, sabuni, labda na kanga ya mama yake. Sanduku lilibaki kwa mume. Sanduku likiondoka, ndoa imeondoka. Na mume akimsindikiza mke mwenyewe, na sanduku, mpaka mlangoni kwa baba mkwe, huyo hasindikizi. Anarudisha.

Tena sababu ya kunirudisha alikuwa nayo. Tulikuwa tumemaliza mwaka wa tano wa ndoa na hatukuwa na mtoto. Sikuwahi kupoteza mimba, kwa maana sikuwahi kuipata. Mama mkwe alipokuja kututembelea mjini alinitazama tumboni kwanza, halafu usoni. Hatukuwa peke yetu katika shida hiyo. Miaka ile nyumba nyingi za Buhaya zilikuwa kimya, hazina kilio cha mtoto, na watu walinong'ona kila mahali. Ila katika kila nyumba waliyoisema, aliyetajwa alikuwa mwanamke.

Basi nikafunga sanduku. Mtaniuliza kwa nini sikumwuliza anakusudia nini. Sikumwuliza kwa sababu nina kiburi, nimezaliwa nacho na nitazikwa nacho. Nilisema moyoni, kama ananirudisha, arudishe, mimi sitamwomba. Niliweka nguo zangu zote, Biblia yangu na kitabu cha nyimbo, kisha nikaweka na sufuria ndogo. Sufuria ile nilitoka nayo kwetu, na sikuona sababu ya kumwachia mwanamke atakayekuja baada yangu.

Tulikuwa tumepanga chumba Bilele, mjini Bukoba, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alinipenda. Asubuhi alitoka na birika lake la kutawadhia, akamkuta mume wangu analifunga sanduku kwa kamba.

"Mwanangu, unahama?" aliniuliza.

"Nakwenda kwetu, mama."

Alimtazama mume wangu, akalitazama sanduku, akaelewa yote. Alinikumbatia akalia, machozi yake yakaniingia shingoni. "Mungu akutangulie," alisema. "Wewe hukuwa na ubaya."

Tulipofika njiani mume wangu akacheka. "Mama huyu ana moyo mwepesi," alisema. "Siku mbili tu, analia hivyo!" Hizo siku mbili nilizisikia, lakini nilidhani anazungumzia siku zake yeye, za kwenda na kurudi.

Yeye alikuwa karani katika ghala moja la kahawa pale mjini, na kwa ajili hiyo alitupatia nafasi mbele, kwa dereva wa lori lililokuwa linakwenda Nshamba kuchukua mzigo. Njia nzima alikuwa na furaha. Alizungumza na dereva habari za mvua, za bei, za madaraja. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu mpaka Kemondo, kisha likajificha nyuma ya migomba. Nililiangalia kwa bidii ili nisimwangalie yeye. Tulipofika Muleba dereva alisimama kutia maji kwenye injini, mume wangu akashuka, akarudi na ndizi za kuchoma zimefungwa kwenye jani. Alinimenyea yangu, akanipa.

"Umechoka?"

"Sijachoka."

"Mbona huli?"

Nilikula ili aache kuniuliza. Kurudishwa kulikuwa kunaniuma, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni ile furaha yake. Nilijisemea kwamba nimelala miaka mitano na mtu nisiyemjua.

Nshamba tulishuka mbele ya maduka, saa ambayo watu wa gulio wamejaa. Na mume wangu, karani, mwenye tai na viatu vilivyong'arishwa, akainama akalichukua sanduku langu akaliweka begani mwake. Hakumpa mtu alibebe. Soko zima likageuka kututazama. Mwanamke mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa anauza maharage alituona, akaacha maharage yake hapo hapo chini, akakimbia kuelekea nyumbani kwa wazazi wangu. Nilijua anakwenda kusema nini. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala kabla wala baada. Nilitembea nyuma ya sanduku langu mwenyewe kama mtu anayefuata jeneza.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsalimu mkwe wake. Alilipokea sanduku kutoka begani kwake, akageuka, akaingia nalo ndani. Baba alikuwa ameketi na kaka yake, yule baba yangu mkubwa ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wakati wa posa. Wote wawili walikuwa wamevaa kanzu, na kwa jinsi zilivyokuwa na mikunjo niliona zimetolewa upesi upesi. Kwetu mgeni hafunguliwi mazungumzo kabla ya kupewa kahawa ya kutafuna, zile buni kavu zilizopikwa na majani yenye harufu. Siku hiyo hakuna aliyeleta kahawa.

"Mkwe," baba alisema, "umetuletea mtoto wetu. Tumempokea. Unaweza kwenda."

Mume wangu alikuwa amesimama na kofia mkononi. Nikamwona uso ukimbadilika. Aliangalia mlango alimopita mama na sanduku, akaniangalia mimi, akaliangalia tena lile giza la mlangoni. Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Hakuwa na habari. Mtu mzima, Mhaya mtupu, alikuwa ametembea na sanduku la mkewe begani kupita katikati ya gulio na asijue anafanya nini.

"Sivyo, tata," alisema, kwa maneno ya heshima ambayo Mhaya humwita baba na mkubwa wake. "Waitu, sivyo kabisa."

Akaeleza. Alieleza kwa Kiswahili, akajikwaa, akarudia kwa Kihaya. Alisema mwalimu Mzungu aliyemfundisha shuleni alikuwa kila mwaka, siku kama ile waliyooana na mkewe, anamchukua, na sanduku la nguo, wanakwenda kukaa siku mbili kando ya ziwa, wao wawili tu. Mke haambiwi wanakokwenda mpaka wamekwisha ondoka, na utamu wake ndio huo. Yeye aliliona jambo hilo tangu alipokuwa mwanafunzi, akaahidi kwamba naye akioa atalifanya. Miaka minne hakupata nafasi. Safari hii alikuwa amemwandikia mchungaji wa Nshamba, akaomba chumba cha wageni pale misheni, karibu na kanisa tulilofungia ndoa; kwa baba alikuwa amepita kusalimu tu kwanza. Jumapili tungesali pale pale tulipoapa, halafu tungekula pamoja, tukarudi mjini.

Nilisikia raha na nilisikia hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Laiti wazee wasingekuwapo ningemrushia kitu.

Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali, ila alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Arusi ni siku moja," alisema. "Yenu tuliicheza, tukala, tukanywa rubisi ya ndizi, ikaisha. Baada ya hapo watu hufurahia mtoto. Mtoto yuko wapi?"

Akamgeukia mume wangu.

"Leo hukuja kumrudisha, nimekubali. Lakini mwakani mama yako atakuchosha na utamrudisha kweli, na sisi tutakuwa tumezeeka zaidi. Sanduku limekwisha ingia. Halitoki bila neno. Tuambie sasa, wewe mwenyewe: kasoro iko kwa nani?"

Anayesoma aelewe alichokuwa anapewa mume wangu. Baba yangu mkubwa mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango. Angesema kasoro ni yangu, ningebaki pale, na yeye angerudi Bukoba na heshima yake yote, akaoa mwingine, na hakuna kinywa ambacho kingemlaumu. Hata mama yangu asingemlaumu. Nilitazama nyasi zilizotandikwa sakafuni. Mimi mwenyewe niliamini kwamba ni mimi. Nilikuwa nimefundishwa kuamini hivyo, na nilikuwa nimekwisha fungua kinywa niseme, ili angalau litoke kwangu na si kwake.

Yeye akawahi.

"Waitu, ni mimi," alisema. "Mke wangu hana kasoro. Mimi ndiye nisiyezaa."

Mwanamume wa kwetu hasemi hivyo. Wapo waliooa wake wanne, wakawafukuza wote wanne, wakafa bila kusema hivyo. Nyuma ya kiambaza nilisikia mama akiacha kupanga vitu. Baba alijifunika macho kwa kiganja.

"Umepimwa?" baba mkubwa aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimepimwa."

Mwishowe baba akaita kahawa iletwe. Ililetwa kwenye kikapu kidogo, naye akachukua buni kwa mkono wake mwenyewe akampa mume wangu azitafune. Mama akalitoa sanduku akaliweka kizingitini. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, isipokuwa kwamba hakuna aliyemtazama tena mume wangu usoni. Walimhurumia, na ndani ya huruma ile mlikuwa na dharau ambayo hata adabu yao haikuweza kuificha. Alitafuna kahawa yake polepole na kushukuru. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, jinsi rangi yake ya maji ya kunde ilivyoruhusu.

Jioni ile tulilala katika chumba cha misheni. Jumapili tulisali. Mchungaji alitupongeza mbele ya usharika, na wanawake wa Nshamba, ambao walikuwa wamekwisha sikia habari, waligeuka wote kumwangalia mume wangu. Baada ya ibada tulipanda kilima kilicho juu ya kanisa, tukakaa kwenye mwamba. Chini yetu ilikuwa migomba tu, na moshi wa majiko ya mchana. Alitoa mkate aliokuwa ameununua mjini kwenye duka la Mhindi, na kopo la jamu, akalifungua kwa kisu. Hivyo ndivyo alivyomwona mwalimu wake akifanya.

"Nani alikupima?" nilimwuliza.

Alipaka jamu kwenye kipande kimoja mpaka pembeni kabisa. "Hakuna."

"Basi umewadanganya wazee."

"Sijui kama nimewadanganya. Huenda ni kweli. Wewe unajua?"

Sikujua. Hata leo sijui.

"Basi," alisema. "Mmoja wetu alilazimika kusema. Ungesema wewe, ungebaki huku." Akanipa kipande chenye jamu.

Mimi si mtu wa kulia hovyo, lakini pale nililia, nikala mkate huku nalia. Aliniangalia kwa wasiwasi. "Mke wa mwalimu hakuwa analia," alisema, na hapo nikacheka na makombo yakanipalia.

Ningependa kuishia kwenye mwamba ule. Lakini maneno husafiri, na yale yalifika kijijini kwao kabla ya msimu wa kahawa kwisha. Mama mkwe aliacha kunitazama tumboni. Alianza kumtazama mwanawe kwa namna ambayo ningemrudishia tumbo langu alitazame hata miaka kumi. Ghalani wenzake walimpa jina, nisilotaka kuliandika. Yeye alikwenda kazini na tai yake, akarudi.

Kisha baba yake akazeeka akagawa urithi. Mume wangu ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwa desturi kibanja kikuu, shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya ukoo, kilikuwa chake tangu alipozaliwa. Wazee wa ukoo walikaa. Wakasema mtu aliyekwisha kutamka kwa kinywa chake kwamba hatapata mtoto, makaburi atamtunzia nani? Kibanja akapewa mdogo wake. Mume wangu aliitwa ashuhudie, na akashika jembe akasaidia kupanda mimea ya mpaka.

Alirudi Bilele jioni, viatu vimejaa udongo mwekundu. Chakula kilikuwa mezani. Nilikuwa nimekwisha jitanda kanga yangu, nimesimama.

"Siwezi tena," nilimwambia. "Kesho nakwenda kwenu. Nitawaambia hukupimwa na mtu yeyote. Nitawaambia huenda ni mimi, wakurudishie kibanja chako."

Alinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, akisugua udongo uliokuwa chini ya kucha, kisha akavuta kiti changu akakiweka karibu na chake.

"Keti," alisema. "Ndizi zinapoa."