Mwaka Tuliofundishwa Kusoma Kimya

Enzi zetu sisi tuliokulia Jadida, mtaa wa Wete, mtu akishika kitabu mtaa mzima ulijua anasoma nini. Hakukuwa na kusoma kwa siri. Ukipita nyuma ya nyumba za watu asubuhi, huku unasikia mtoto yuko kwenye juzuu ya Amma, kule mwengine anaimba hesabu za kuzidisha, na pale kwa jirani yetu mzee mmoja anajisomea gazeti la wiki iliyopita kana kwamba anahutubia mkutano. Hakuna aliyemwambia apunguze sauti. Tena akiruka mstari, mkewe alikuwa akimwita kutoka jikoni amuulize imekuwaje habari haina mwisho.

Tabia hiyo tuliitoa chuoni, tulikosomeshwa Kurani. Mwalimu anasoma aya, sisi tunafuatisha. Anasoma tena, tunafuatisha tena, huku tunayumba mbele na nyuma, na sauti zinapanda mpaka kuku wanahama uwani. Na si kufuatisha ovyo ovyo. Herufi ya kooni itoke kooni, ya puani itoke puani, kama ilivyotoka kwake mwalimu. Ukinyamaza, basi umesinzia au una kiburi, na vyote viwili dawa yake ilikuwa bakora. Tukiachiwa tunakimbilia shelisheli la kuchoma, tunalipuliza huku tunalimeza moto moto, kisha tunacheza nage na mdako mpaka tuitwe majumbani kwa majina yetu na ya baba zetu. Watoto wa leo mchezo wao ni mmoja tu, wa kidole gumba juu ya simu, na hata jasho hauwatoi.

Mimi ni Mize, na mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nane, skuli ya wasichana pale Wete. Sekondari ya wasichana ilikuwa Unguja, ng'ambo ya maji, na mlango wa kuingilia huko ulikuwa mmoja: mtihani wa Kiingereza. Wenye umri wangu mnajua. Unaweza kuwa bingwa wa hesabu na jiografia, lakini Kiingereza kikikushinda basi unarudi nyumbani kujifunza kusuka mikeka.

Baba yangu alikuwa na shamba la mikarafuu Mgogoni, na rafiki yake wa huko alikuwa na kijana wa kiume anayetafutiwa mke. Kijana mwenyewe hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mpole, anasali, na ng'ombe wake walinona. Lakini mimi nilikuwa nataka kuwa mwalimu, na nilikuwa naitaka kazi hiyo kama mgonjwa anavyotaka maji. Baba akanikalisha ukumbini, akasema: "Weye Mize, mie neno langu ni moja. Ukishinda ntihani, n'takupeleka Unguja mwenyewe. Ukishindwa, Mgogoni wanangoja jawabu. Sitaki kilio wala sitaki kubembelezwa."

Nikajibu, "Nimesikia, baba." Moyoni niliapa kwamba huko Mgogoni watangoja sana.

Wiki ile ile Mwalimu Bi Zuhura, aliyetufundisha Kiingereza, akatuletea habari iliyotukata maini. Alisema mwaka huo hatutapimwa kama dada zetu waliotutangulia. Atakuja mkaguzi kutoka Unguja, mwanamke wa Kizungu. Atatusomea hadithi kwa Kiingereza, sisi tusikilize tu, kisha tujibu maswali kwa kuandika. Baada ya hapo atatupa hadithi nyengine tuisome wenyewe, kimya, bila kutikisa mdomo. Atakayeonekana anatikisa mdomo atapunguziwa alama, kwa kuwa Wazungu wanaona huyo bado hajajua kusoma.

Kusoma bila mdomo? Nilifungua kitabu pale pale nikajaribu. Macho yangu yalipita juu ya maneno, yakafika chini ya ukurasa, na kichwani hakukubaki kitu. Nilipoachia mdomo, maana ikarudi. Nilikuwa na miaka mingi ya kusoma, na kumbe bila sauti nilikuwa sijui kusoma kabisa. Nilirudi nyumbani nina hasira ya kuweza kuvunja chungu.

Hasira yangu ndiyo iliyonipa akili. Nilichota maji kwa kata, nikajaza mdomo, nikafungua kitabu. Mwenye maji mdomoni hawezi kutamka hata akitaka. Mwanzo niliyameza, nikayatema, nikajimwagia mpaka kitabu kikavimba. Bibi, mama yake baba, alinikuta uwani mashavu yamenijaa, macho yamenitoka.

"Yuno ntoto kapatwa na nini?" alimuuliza mama. "Anasoma au anasukutua?"

"Anasoma, mama," mama akamjibu, bila kuacha kukuna nazi. "Ndiyo elimu yao ya sasa."

Siku zikapita, nikaanza kuelewa mstari mmoja, kisha miwili, kisha nusu ukurasa. Mara Ramadhani ikaandama, na maji mdomoni mchana ikawa hayawezekani. Sikukata tamaa. Nilichukua ncha ya mtandio wangu wa skuli, ule mweupe, nikaiuma kwa meno. Ilifaa vile vile, na nguo haimezeki. Wenzangu darasani walicheka mpaka wakalia, lakini baada ya siku chache darasa zima lilikuwa linauma mitandio, na mama zao wakaanza kulalamika kwamba nguo zinarudi zimetafunwa kama zimepita kwa mbuzi.

Hayo yalikuwa ya kusoma. Kusikiliza kulikuwa na taabu zake. Kiingereza tulichokijua ni cha Mwalimu Bi Zuhura, na yeye alikuwa anakisema polepole, neno moja moja, kama anayehesabu mayai. Mzungu hasa tulikuwa hatujamsikia. Mtaani kwetu redio nzuri ilikuwa kwa Bwana Jivan, Muhindi aliyeuza mchele na vitambaa, na kila alasiri alifungulia habari za Kiingereza. Nikamwomba mama ruhusa. Akakubali, kwa sharti nikae ndani na mkewe Bwana Jivan, nisionekane barazani. Na kwa kuwa haikuwa heshima kukaa kwa watu mikono mitupu, nilikuwa nikiwachagulia mchele. Sinia mapajani, vidole vinatafuta mawe na chuya, masikio yako kwenye redio.

Mwanzo yale maneno yalinipita kama mvua juu ya bati, hulijui tone hili na lile. Nami kwa mazoea ya chuoni nilikuwa nafuatisha. Msomaji akisema neno, nami nalisema. Nikilimaliza moja, yeye keshasema matano. Bwana Jivan alicheka mpaka tumbo likamtikisika.

"Wewe Mize, sikia tu, hapana jibu," aliniambia. "Hii redio hapana ngoja mtu. Hapana ngoja hata mimi, na mimi iko nunua."

Kwa hiyo nikauma mtandio hata kwenye mchele. Taratibu maneno yakaanza kuachana. Nikasikia mvua, nikasikia meli, nikasikia bei. Jioni moja nilielewa habari nzima tangu mwanzo hadi mwisho, sikumbuki ilikuwa ya nini, nakumbuka furaha tu. Nilirudi nyumbani nikafungulia kwa uji na tende, na ule uji niliuona mtamu kuliko wa siku zote.

Mtihani ulifanyika baada ya sikukuu. Mkaguzi alikuwa mama mrefu mwenye gauni la maua, amekuwa mwekundu kwa jua, na sauti yake nyembamba ilitokea puani. Mwalimu Bi Zuhura aliambiwa asimame mlangoni na asiseme neno. Karatasi za majibu zikagawiwa zikiwa zimefudikizwa, uso chini. Yule mama akafungua kitabu, akasimama mbele yetu kwa utulivu, akasoma sentensi ya kwanza, akanyamaza kidogo avute pumzi.

Na sisi tukafuatisha.

Darasa zima, kwa sauti moja. Hakuna aliyekusudia. Mtu mzima alisimama mbele, alishika kitabu, akasoma, akatua. Midomo yetu ilikwenda yenyewe, na mimi na mazoezi yangu yote nilikuwamo. Mkaguzi akashtuka. Akasoma sentensi ya pili, tukafuatisha tena, na safari hii tukaitoa kama alivyoitoa yeye, puani hasa, maana ndivyo tulivyofundishwa, herufi itoke ilikotoka kwa mwalimu.

Uso wake ukageuka. Akafunga kitabu kwa kishindo. Alisema kwa Kiingereza kwamba hakuvuka bahari kuja kuchezewa shere na wasichana wasio na adabu, na kwamba mtihani umekwisha. Akaanza kukusanya karatasi kutoka dawati la mbele. Nilimtazama Mwalimu Bi Zuhura pale mlangoni. Machozi yalikuwa yanamlenga na mdomo ameufunga kama alivyoamriwa.

Niliona Mgogoni, niliona ng'ombe walionona. Nikasimama.

Sikuwahi kuzungumza na Mzungu maishani mwangu. Sauti ilitoka, kwa kile Kiingereza changu cha kuchagulia mchele. Nilisema: Bibi, hatukuchezei. Kwetu mwalimu akisoma na mwanafunzi akanyamaza, huyo mwanafunzi ndiye asiye na adabu. Tunafuatisha ili ujue tumekusikia. Na tukitoa sauti yako, ni kwa kuwa tunakuheshimu.

Akaacha kukusanya karatasi. Akaniuliza, "Kama mmesikia, nimesoma nini?"

Nikamwambia: mkulima mmoja alikuwa na farasi mzee. Siku moja walifika kwenye daraja, na farasi akakataa kuvuka. Mkaguzi akamgeukia msichana wa nyuma kabisa, ambaye kwa aibu alikuwa hata kwetu hasemi, akamuuliza yeye. Yule akazitoa zile sentensi mbili neno kwa neno, na puani pia. Mkaguzi akaketi. Akamwangalia Mwalimu Bi Zuhura, naye akatikisa kichwa kuthibitisha, maana kichwa hakikukatazwa.

"Nitasoma tena tangu mwanzo," akasema. "Nikisikia sauti moja tu, naondoka."

Niliwageukia wenzangu. "Jamani," nikawaambia, "umeni mitandio!"

Akasoma hadithi ile mpaka mwisho mbele ya wasichana walioziba vinywa kwa nguo nyeupe, macho yamewatoka. Sijui alikwenda kusimulia nini Unguja. Tulipofika kwenye kusoma kimya, nilipewa habari ya treni iliyochelewa kwa sababu ya theluji. Treni sikupata kuiona, theluji nilidhani ni aina ya chumvi. Lakini swali lilikuwa kwa nini abiria walikasirika, na mtu aliyewahi kungoja meli bandarini Wete na watoto na mizigo hahitaji theluji kulijibu hilo. Niliandika mpaka wino ukanichafua vidole.

Jawabu alilileta Mwalimu Bi Zuhura mwenyewe, kwa miguu, jua kali. Hakukaa. Aliamkia, akasema, "Mzee, Mize kashinda," kisha yeye ndiye aliyelia. Baba alivua kofia akaivaa tena. Siku ya pili akaenda Mgogoni kutoa jawabu lake, na aliporudi akaanza kuulizia nauli za meli. Sikumsikia akilalamika hata mara moja, na kwa hilo nikikumbuka huwa namwombea dua.

Nilipata ualimu wangu, nikafundisha mpaka nikastaafu. Sasa mjukuu wangu yuko China, anafundisha Kiingereza kwenye skuli ya sekondari, na kazi yake hasa ni kuwapima watoto wa Kichina kusikiliza na kusoma. Hunipigia simu akanionesha darasa lake. Kila mtoto ana vipokea sauti vyake masikioni, kimya kitupu, unasikia karatasi zinageuzwa tu. Anasema mashine inawasomea mara mbili, nao wanatia alama. Nikamuuliza, na asiyesikia anamwomba nani? Akacheka, akaniambia bibi mambo yamebadilika. Na hapa nyumbani nina wajukuu wanaosoma kutwa kwenye simu zao. Mmoja anacheka peke yake, mwengine anafuta machozi peke yake, na mimi nimekaa kati yao sijui nani kasoma nini. Kwetu hata kilio cha kitabu tulikuwa tukilia nyumba nzima.

Mara nyingi nikiwatazama hivyo namkumbuka mama, siku niliyosafiri. Sanduku lilikuwa limefungwa, baba yuko nje ananiharakisha. Mama alikuwa jikoni, hakutoka. Nilipoingia kumuaga, aliendelea kuchochea moto, akasema bila kunitazama:

"Miaka yote nilikuwa nikikusikia ukisoma, nikajua uko na mie. Tangu ulipoanza ule usomaji wako wa kufunga mdomo, n'tu asiponambia sijui kama ungali humu ndani. Mie nilikuwa nakusubiri umalize ntihani, urudi kusoma."

Alikuwa hajaniambia hilo hata siku moja. Nikakaa chini kwenye kibao, nikafungua kitabu changu cha Kiingereza, nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti yangu yote, nikiyumba. Baba aliita nje, nikaendelea. Mama hakujua neno hata moja la lugha ile, lakini alikaa akasikiliza, mkono shavuni. Nilipofika chini ya ukurasa alijua nimefika. Akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Haya, mwanangu. Nenda."