Utando Uliomchafulia Jina Mzee Jotham

Kumepambazuka Kisondela, ukungu bado umelalia migomba. Tupokigwe Mwakyusa anaingiza mkono hadi kwapani ndani ya keni ya maziwa, anapapasa mshono wa chini.

"Kidole kikiteleza, sijamaliza," anasema, akichukua tena brashi.

Mama huyu wa watoto wanne huosha vyombo katika kituo cha maziwa cha wafugaji. Tangu biashara ya maziwa ilipoachiwa watu binafsi, wanunuzi huja na gari kutoka Mbeya. Maziwa wakiyakataa, hakuna pa kulalamika.

Mwaka jana, 1997, waliyakataa mfululizo. Yalifika yameanza kuganda. Wafugaji wakamshuku mwenzao, Mzee Jotham, kwamba anachanganya maziwa ya jana. Wakamzuia kuleta.

"Mengine nilimpa ndama, mengine nilimwaga," anakumbuka mzee. "Hata kanisani watu walihama benchi langu."

Lakini bila maziwa yake, hali ilikuwa ileile. Ndipo ofisa mifugo, Lilian, alipokata dumu moja la plastiki la kituo. Ndani ya mpini wa dumu kulikuwa na utando wa njano, unateleza kama kamasi.

Lilian anaeleza kuwa hayo ni makazi ya bakteria. "Wana protini mwilini, kwa nje, zinazojisokota kuwa nyuzi nyembamba sana. Kwa hizo wanang'ang'ania chombo, na wanashikana wao kwa wao. Ukisuuza tu, hawatoki."

"Maji ya moto nilikuwa naweka kila siku," anasema Tupokigwe. "Nilipouona utando ule, nikajua nitafukuzwa, na kazi ndiyo hii inayotulisha."

Lilian alijitolea kuwaeleza wafugaji. Tupokigwe akakataa, akataka aseme mwenyewe. Alikwenda kwanza kwa Jotham, kisha akasimama mkutanini na kipande cha dumu mkononi.

"Baba Jotham hana kosa," aliwaambia. "Uchafu ulikuwa kwenye madumu ninayoosha mimi."

Mwenyekiti wa wafugaji, Ambwene, akasema, "Basi tununue vyombo vinavyosuguika." Zikaja keni za alumini, brashi na magadi. Tangu hapo maziwa hayajarudishwa.

Jotham naye amerudi kituoni. "Tupokigwe alipokuja nyumbani analia, nilimwambia ndaga, mwanangu, asante," anasema. "Wengine hawakuja."

Sasa Tupokigwe anatafuta kibanda Msasani, mjini Tukuyu, auze mtindi. Mtamba wa Jotham anakaribia kuzaa.

"Tumeshakubaliana," anasema Tupokigwe. "Baba akamue, mimi nigandishe."