Jenereta Ndogo Niliyomnunulia Mama Mkwe

Nimekosa, na wala si bahati mbaya. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Wewe unayesoma hulijui jina langu, kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo mume wangu halijui hadi leo.

Mama mkwe alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu hapa Machakos na mtambo wa oksijeni, ule wa kuchomeka kwa stima. Daktari alituonya asikae bila huo mtambo. Na stima ya huku unaijua, upepo ukivuma kidogo tu imepotea!

Mume wangu anafanya kazi Nairobi, hurudi wikendi. Alimwita fundi atuambie jenereta ya kununua, mzee mpole sana, akapita kila chumba akiandika.

"Mama, usihesabu balbu," fundi aliniambia. "Hesabu vitu zote zitawaka pamoja. Na friji ikianza, huvuta mara tatu ya vile huvuta ikishatulia. Nunua ya kilowati tano, usiende chini."

Akaniandikia kwa karatasi. Mume akatuma pesa. Nami nikashuka mjini nikanunua ya kilowati moja, na pesa zilizobaki nikajinunulia friji ya milango miwili! Karatasi niliichoma kwa jiko. Mume alipouliza, nikasema fundi amesema ndogo inatosha.

Unataka kujua nilijiambia nini? Nilijiambia, huyu mama mkwe atapumua mpaka lini? Mashine kubwa ya nini? Niliyawaza hayo nikimkorogea uji, tena nikitabasamu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, zamu yangu ya kukaribisha wanawake wa chama chetu cha kanisa. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Jenereta ilikuwa inaendesha mtambo wa mama peke yake, na friji yangu imezimika, soda zinapata joto, nyama inadondosha maji. Nikaona aibu. Wale wanawake nilikuwa nimewaringia hiyo friji mwezi mzima!

Nikaichomeka. Jenereta ikakohoa, mtambo wa mama ukaanza kulia pii, pii, pii. Nikachomoa friji, ukanyamaza. Nikajaribu tena, yakawa yale yale. Haikuweza kubeba vyote viwili.

Basi nikachomoa wa mama.

"Mwaitu, mama yetu, ni dakika kumi tu," nikamwambia.

Akanishika mkono. "Usinisahau, mwana wakwa, mwanangu."

"Nitakusahau aje na uko hapa hapa?" nikamjibu kwa ukali, nikautoa mkono wangu.

Wanawake wakafika. Tukaomba, tukaimba, nikagawa soda. Mwenyekiti wetu aliishika chupa yake akapiga kelele, "Aki wewe umeomoka, umekuwa tajiri! Stima hakuna na soda ni barafu!" Nilifurahi mpaka nikasahau kuangalia saa.

Hapana, nisidanganye tena. Sikusahau. Nilimsikia akigonga kikombe kwa kitanda, kwanza kwa nguvu, halafu polepole.

"Ni nani anagonga?" mmoja akauliza.

"Ni susu, nyanya wa watoto," nikasema. "Anapenda kudeka akisikia wageni."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kikombe kilipoacha kugonga nilishukuru, nikaongeza soda.

Wageni walipoondoka nilimpelekea sahani ya wali. Midomo yake ilikuwa ya bluu na kikombe kimeanguka chini. Na unajua nilichofanya kwanza? Sikupiga nduru! Nilichomoa friji, nikachomeka mtambo, nikamrudishia mipira puani. Ndipo nikapiga nduru.

Mume alipofika nikamwambia jenereta ilizidiwa ikazimika yenyewe, nikaiwasha nikiwa nimechelewa.

"Si fundi alisema hiyo inatosha?"

"Alisema."

Alienda na ndugu zake hadi kibanda cha yule mzee, wakatupa vyombo vyake barabarani, wakamwita muuaji mbele ya soko zima. Hakuna aliyemwita kazi tena. Hata hivyo alikuja mazishini, akanijia nikiwa kando ya jeneza.

"Mama, ile karatasi niliandika ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nisaidie tu kukumbuka."

"Uliandika moja," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Alitikisa kichwa kama mtu anayeishuku akili yake. Nasikia amehamia Katangi, na huwauliza watu kama uzee unaweza kumfanya mtu aandike kitu asichokifikiria. Anaamini alimuua!

Ndugu zangu, fundi akikwambia nunua ya tano, nunua ya tano. Na ukiona unamhesabia mgonjwa wako siku zilizobaki ili ujue ununue jenereta ya ukubwa gani, mpeleke kwa mtu mwingine haraka, kwako hayuko salama. Mimi sikupata wa kuniambia hivyo, na hata ningeambiwa nisingesikia.

Mume wangu amenunua ile kubwa sasa. Juzi alinishika bega akasema shangazi yake naye amepewa mtambo wa oksijeni, na familia yote imekubaliana aje akae hapa, kwa sababu waliona vile nilivyomtunza mama. Walitaka nikubali mwenyewe, wasinilazimishe.

Nimekubali. Analetwa Jumamosi.