Bitana ya Damu

Mshonaji wa mtaa wa Bel-Air alidhulumiwa mezani kwake mwenyewe: kwa kuwa damu ya mwanawe ilikuwa O, ya mumewe A na yake B, mama mkwe alimhukumu kuwa mzinzi, akaapa kutogusa chakula cha mikono yake. Mikono hiyo ilipapasa kila kitambaa kwanza upande wa ndani. Midomo ilibana pini huku akiendelea kushona. Hata muuguzi aliyempima mtoto alipoeleza kwamba A na B huweza kuficha O, na mtoto akairithi kwa wazazi wote wawili, mama mkwe alikunja uso. Mshonaji akatema pini, akapindua koti la mumewe.

“Mama, angalia. Inje bluu, mu ndani dublire nyeupe. Yangu inje nyekundu, mu ndani nyeupe vilevile. Mutoto alibeba dublire zetu zote mbili.”

Mama mkwe akaipapasa bitana ile, kisha akaangua kicheko. “Kumbe mujukuu yangu balimushona na dublire tupu! Leta bukari basi, niko na njala.”

Mshonaji akabandika sufuria ya maji motoni. Tangu siku hiyo, Pasaka ya mwaka 2023, mama mkwe hali bukari, ugali wa kwao, isiyosongwa na mikono ile.