Mume Wangu Hagusi Bunduki

Mume wangu ni mwanajeshi asiyegusa bunduki. Nikisema hivyo hapa Bondeni tunapokaa, watu hucheka. Jirani mmoja humwita askari wa plasta, na siku niliyomsikia nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Aliingia jeshini kama tabibu, na wakati huo alibeba bunduki kama wenzake. Kisha akabatizwa katika kanisa letu la Sabato, akamwendea mkubwa wake akamwambia: nitumeni popote penye majeruhi, lakini silaha sishiki tena, maana siui mtu. Wakamcheka, wakatishia kumfukuza, mwishowe wakamwacha. Akavuka mpaka kwenda vitani na mkoba wa dawa tu. Mimi nikabaki na mtoto mchanga na hasira.

Mwezi uliopita alikuja likizo, akaniambia, "Ukisema nisirudi, naacha kazi. Neno lako tu."

Neno nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa natafuta nafasi ya kulisema. Jioni moja tukaenda Mama Ngina, kando ya bahari, na rafiki yake wa kikosini, ambaye anatembelea magongo tangu alipoumia mguu. Tukakaa ukutani, mtoto mapajani mwangu, tukila mhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu.

"Shemeji," rafiki akasema, "huyu bwana amekueleza alivyonichukua siku ile?"

"Hanielezi kitu."

Akanieleza yeye. Tabibu wa vitani akimfikia majeruhi, kwanza humwondolea bunduki, kwa sababu mtu aliyepigwa na kishindo cha bomu hamjui rafiki wala adui. Matabibu wote hufanya hivyo. Mume wangu hafanyi, kwa kuwa kuiondoa ni kuishika. Yeye hubembeleza.

"Nimemwelekezea bunduki kifuani, kidole tayari," rafiki akasema. "Simjui, naona adui tu. Naye kapiga magoti hapo mbele yangu: 'Ilaze chini, kaka. Ilaze pole pole. Haya, imelala, sasa nipe mguu.' Risasi zapita, yeye ni yaya."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikauweka mhogo chini.

"Kwa nini hukuinyakua?" nikamuuliza mume wangu. "Kuiondoa tu. Hiyo nayo ni kuua?"

"Si kuua."

"Basi?"

Alimpangusa mtoto mdomo kwanza. "Mikono yangu ilifundishwa, mama. Siku nitakayoogopa sana nikiwa na bunduki, mikono hii itafanya inachokijua. Sijiamini kiasi hicho."

"Na yule anayesimama na bunduki yake kukulinda ukifunga vidonda? Akiua kwa ajili yako, hayakuhusu?"

"Yananihusu. Sina jibu lake. Naliombea kila siku."

Nilitarajia mahubiri. Maneno hayo yalinichoma kuliko mahubiri.

"Aliyekuwa akisimama ni mimi," rafiki akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Na sijutii. Kuna tabibu akifika kwako, jicho moja liko kwako, jingine linatafuta risasi inatoka wapi. Huyu akifika, amefika. Kikosini mtu akianguka anamwita huyu, hata wale waliomdhihaki."

Nimekulia Mbaraki, kati ya wanaume wa bandarini wanaojisifu kwa ngumi zao. Wengi wao nawapenda, na hakuna hata mmoja ambaye angepiga magoti mbele ya mtutu akaanza kubembeleza. Nasema waziwazi: sijaona moyo kama huo. Na bado nilitaka kumrushia sahani nzima ya mhogo usoni.

Rafiki akainuka kwenda kununua mabuyu, mguu wake ukigusa chini kidogo kidogo. Bila tabibu wake, mguu ule ungezikwa huko. Mume wangu alimfuata kwa macho mpaka alipofika kwa muuzaji, kisha akanigeukia, akangoja.

"Wanitazama nini?" nikamwambia.

"Hujanijibu."

Nilimwangalia mwanangu. Nililitafuta lile neno, na nililipata, lakini halikutoka. Huko vitani kuna mume wa mwanamke mwingine ambaye bado hajaanguka, na akianguka atamwita huyu.

"Nenda," nikasema. "Lakini ukiletwa kwenye sanduku, nitakutukana makaburini mbele ya mchungaji."

"Tukana kwa sauti, nisikie."

Aliondoka Jumapili. Sijamsamehe, wala sitaki mume mwingine.