Walimpigia makofi kaka yangu akiwa ndani ya jeneza, na kwetu wakasema ametolewa kafara

Mwezi wa pili mwaka jana nilimpoteza kaka yangu Festo. Alifia Ureno, akazikwa huko huko, na sisi ndugu zake hatukuwepo.

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni wa kusoma tu humu, sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua kwa sababu jambo lililotukaa rohoni nyumbani kwa zaidi ya mwaka limeisha, na huenda likamsaidia mtu. Naandika nilichoona na nilichosikia. Nisipojua nitasema sijui. Shule yangu ni darasa la saba, nikikosea mnivumilie.

Niko Dubai, ni mlinzi. Nalala Naif, bed space, yaani nalipia kitanda tu kwenye chumba cha watu wengi. Lindo langu ni geti la uwanja wa michezo wa watoto upande wa Rashidiya.

Kwetu ni Njombe.

Festo alikuwa beki wa kushoto, mzuri. Alichukuliwa na wakala, akapitia Msumbiji, mwisho akafika Ureno. Akipiga simu alituambia anacheza klabu ya mji mdogo, watu wema, baridi kama ya kwetu.

Binamu yetu mmoja akaitafuta hiyo klabu Google. Akakuta imeandikwa kwamba ilishafungwa zamani.

Basi, kijijini ikawa kicheko. Festo anaosha vyombo huko, anatudanganya na mpira. Mama hakuwahi kucheka nao.

Sasa msiba wenyewe.

Habari zilikuja kwa namba ngeni kwenye simu ya mama. Video fupi na maneno ya Kireno. Kwenye video jeneza linapita barabarani. Limefunikwa kitambaa cha kijani na cheusi, na katikati ya kitambaa kuna gurudumu lenye mabawa. Watu wamesimama pande zote mbili za barabara.

Wanapiga makofi.

Hakuna anayeimba. Kuna mzee mmoja mbele, kofia kaibana kwapani, anapiga makofi kuliko wote.

Jirani akayapitisha yale maneno kwenye simu yake yatafsiriwe. Yakatoka hivi: "Festo ni wetu milele."

Wakuu, mnajua kwetu watu wanavyowaza. Gurudumu lenye mabawa, makofi kwenye jeneza, halafu "ni wetu milele". Video ikazunguka kwenye simu zote. Kabla ya jioni Festo alikuwa ameshajiunga na chama cha siri, na wenzake wanashangilia kafara. Jina la hicho chama mnalijua, silitaji.

Sisemi watu wa kwetu ni wajinga. Hata mimi niliitazama ile video chumbani huku na mwili ukasisimka.

Waliokuja msibani wakaanza kupungua. Wanawake waliokuwa wanapika wakawa na udhuru. Mzee wa kanisa akamwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba ibada ya kumwombea Festo isubiri kwanza mpaka mambo yaeleweke.

Mama akasubiri. Hakulia. Nilipompigia na kumwambia alie apunguze, alinijibu, "Nimlilie nani? Yule niliyemzaa, au huyo wanayemsema?"

Tuliijibu ile namba ngeni kwa Kiswahili na kwa kiingereza changu hiki. Ikarudi sauti ya mzee akiongea Kireno kirefu, hatukuelewa kitu. Tukaiacha. Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Pale getini kwetu kuna kocha wa watoto, Mreno, anaitwa Rui. Kila siku ananipungia mkono. Kila siku nami nampungia, simuulizi. Nilikuwa naogopa atanijibu kwamba ndiyo, ni kweli.

Mwenzangu wa lindo ni Mkenya wa Bungoma, Wanjala. Nilikuwa nimemweleza yote. Siku moja akachoka na mimi.

"Utakaa na hii kitu kwa roho mpaka lini? Huyo msee ni Mreno. Muulize. Ama unadhani atakukula?"

Nikamwambia niko duty.

"Duty ya kulinda nini? Hiyo geti mi nimeilinda peke yangu ukienda choo na haijaibiwa."

Basi nikaenda. Mazoezi yalikuwa yameisha, Rui anakusanya mipira. Nikamwambia sir, samahani, kuna video. Akaitazama.

Akatabasamu.

Tabasamu lile sitalisahau. Kisha akaniona uso, akauliza huyo ni nani. Nikasema brother wangu. Akavua kofia, akaja kukaa kwenye kiti chetu cha plastiki pale getini, kile ambacho hakuna sir amewahi kukikalia, akaomba aione tena.

Akasema hiyo si bendera ya dini wala ya chama chochote cha giza. Ni bendera ya klabu. Alitabasamu kwa sababu anaijua toka utotoni. Yeye anatoka mji wa jirani, na alipokuwa kijana walikuwa wanakwenda kufungwa kwenye uwanja wao.

Nikamuuliza, na gurudumu?

Hapo ndipo akanipa historia yote, kwa kiingereza chepesi nielewe. Klabu ile haikuanza na mpira. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha vigae waliokuwa wanakwenda kazini kwa baiskeli. Jumapili wakawa wanashindana kuendesha. Wakaunda chama, wakachora gurudumu la baiskeli, na mabawa wakayaweka kwa sababu enzi hizo mtu wa baiskeli alijiona anaruka.

Mpira wa miguu ulikuja baadaye. Ukaja mpira wa kikapu, kuogelea, na mchezo mmoja wa magongo unaochezwa kwa viatu vya magurudumu, ambao Rui alinionyesha kwa kuteleza pale sakafuni na raba zake. Wanjala akacheka, nami nikacheka, sikutegemea.

Mji ni mdogo lakini kila nyumba ina mwanachama. Timu ya mpira iliwahi kupanda mpaka ligi kuu. Ikashuka. Ikaendelea kushuka, mpaka ikafungwa kabisa.

Nikasema ndiyo, binamu yangu aliona.

"Hakumalizia kusoma," Rui akasema.

Wanachama walikutana kwenye ukumbi wao wa kuteleza, wakaianzisha upya, wakaongeza neno moja kwenye jina, wakaanza ligi ya chini kuliko zote. Kwa hiyo klabu aliyoitafuta binamu ilikuwa imefungwa kweli, na klabu aliyoichezea Festo ilikuwepo kweli. Bendera ni ile ile.

Kuhusu makofi aliniambia hivi, naandika kama nilivyoelewa. Kwao mtu wa watu akizikwa, wanampigia makofi mara ya mwisho, kama mnavyompigia mchezaji anayetolewa uwanjani akiwa amecheza vizuri. Si kila mtu anapigiwa.

Na "ni wetu milele" ndivyo wanavyosema mwanachama akifa.

Rui akasema, khalas, basi imetosha, leta hiyo namba.

Akapiga pale pale. Akapokea yule mzee wa kwenye video. Anaitwa Amilkar, ndiye mtunza vifaa wa klabu, anafua jezi na kupiga viatu rangi. Rui akasema maneno machache, kisha akamsikiliza mzee, na alipokata simu akanieleza.

Festo alicheza misimu miwili, goti likafa. Hakuondoka. Akapata kazi kiwandani, na jioni akawa anamsaidia huyo mzee kuchora mistari ya uwanja. Alipougua mapafu, Amilkar ndiye alikuwa anakwenda hospitali. Siku ya mwisho alikuwepo chumbani.

Ijumaa iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, Rui akaniita kwenye mgahawa karibu na uwanja tukaunganisha simu ya video. Mama Njombe, Amilkar Ureno, sisi katikati. Mama anasema Kiswahili, mimi nageuza kiingereza, Rui anageuza Kireno, halafu jibu linarudi hivyo hivyo.

Nilidhani mama atauliza kuhusu kitambaa. Hakuuliza. Aliuliza, "Alikuwa anakula?"

Swali likasafiri. Jibu likarudi kwamba alikuwa anakula sana, supu ya kabichi, bakuli baada ya bakuli, mpaka mke wa Amilkar alikuwa anafurahi kuliko akila mwanawe. Na kwamba walikuwa wanagombana kwa sababu Festo hataki kuvaa soksi kwenye baridi.

"Huyo ndiye wangu," mama akasema.

Amilkar akashika uso, akalia mbele ya kamera, mzee mzima.

Mama akamwangalia. Kisha akaniambia, "Mwambie pole. Naye amefiwa."

Hapo nikakwama, wakuu. Pole kwa kiingereza mimi najua sorry tu. Nikasema sorry. Rui akashangaa, sorry ya nini, mama amekosa nini? Nikajieleza kwamba hapana, si kuomba radhi, ni neno la kumpa mtu aliyeumia. Rui akafikiri, akaongea na mzee kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe. Sijui alimwambia nini. Amilkar akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Ndipo mama akalia. Kilio cha msiba chenyewe, cha sauti, kile nilichokuwa nakisubiri zaidi ya mwaka. Nilitoka nje ya mgahawa nikasimama juani, mwili mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiona msiba wa watu wengine hauuelewi, tafuta mtu wa kwao umuulize, kabla simu haijakutafsiria. Mimi nilikuwa naye getini kila siku.

Kama kuna mwenye ndugu aliyezikwa mbali na hajui alizikwaje, aandike hapo chini, asione aibu. Wa kunisema kwa kuchelewa kuuliza pia waje, ni haki yao.

Ibada ilifanyika Jumamosi iliyopita. Mzee wa kanisa ndiye aliyeisoma, na kabla ya kuanza alimwomba mama radhi mbele ya watu. Nilisikiliza kwa simu nikiwa kwenye break.

Ilipoisha mama akasahau kukata. Simu ikabaki mezani jikoni. Nikasikia masufuria, nikasikia wale wanawake wa udhuru wamerudi na wanabishana, mmoja anasema maharage chumvi imezidi, mwingine anasema aliyeonja ana mdomo wa mjini. Mama akawaambia wapakue hivyo hivyo, watu wana njaa.

Hakuna aliyejua nipo kwenye laini. Nikawasikiliza mpaka Wanjala akanipigia mluzi nirudi getini.